Hundi Hukaguliwa Saini, Makato Je?

Mtu anayefungua akaunti ya benki, awe Nairobi, Dar es Salaam au London, hupewa fomu aweke sampuli ya saini yake. Huambiwa aiandike kama atakavyoiandika siku zote, asije akaibadilisha. Kuanzia siku hiyo huamini kwamba hakuna fedha itakayotoka mpaka mtu wa benki ailinganishe karatasi mpya na ile ya siku ya kwanza. Kwa hundi na kwa fomu ya kutolea fedha kaunta, imani hiyo ina msingi. Kwa makato ya moja kwa moja, yaani fedha ambazo kampuni ya umeme, bima, simu au jimu huzivuta yenyewe kutoka kwenye akaunti yako kila mwezi, haina. Mara nyingi tawi lako halijawahi kuiona idhini uliyoitoa, na pengine hukutia saini popote.

Jambo hili huwashtua watu pale wanapokuta kwenye taarifa ya akaunti jina la kampuni wasiyoijua. Swali la kwanza huwa lilelile: benki iliruhusuje bila saini yangu? Ili kulijibu inabidi kufuata njia mbili ambazo fedha hutoka benki, maana kila njia ina mlinzi wake na sheria yake. Ninachotaka kukionyesha ni kwamba ulinzi umehama kaunta. Sasa umekaa katika haki ya kurudishiwa na katika uwezo wako wa kuifunga akaunti isikatwe, na vyote viwili vinamtegemea mwenye akaunti anayesoma taarifa zake.

Tuanze na hundi, kwa kuwa ndiyo iliyotujengea mazoea. Hundi ni amri ya mteja kwa benki yake: mlipe fulani kiasi hiki. Benki ikilipa kwa amri isiyo ya mteja, imetoa fedha zake yenyewe, na akaunti ya mteja inapaswa kubaki kama ilivyokuwa. Kanuni hiyo imo katika kifungu cha 24 cha sheria ya Uingereza ya hati za malipo ya mwaka 1882, kinachosema kwamba saini ya kughushi haina nguvu yoyote. Kenya ina sheria ya aina hiyo hiyo, Sura ya 27, iliyotokana na ile ya Waingereza, na Tanzania nayo imerithi msingi huo. Ukiifuata kanuni hiyo kama ilivyo, ustadi wa mghushi haumwokoi mwenye benki. Saini iwe imeigwa vibaya hata mtoto aione, au vizuri hata mwenyewe asite kuikana, mzigo huanza kwa benki.

Mteja naye ana wajibu wake, ila ni mdogo kuliko wengi wanavyofikiri. Mahakama za Uingereza zimeuweka katika mafungu mawili.

La kwanza ni kuandika hundi kwa uangalifu. Katika kesi ya Macmillan na Arthur, iliyoamuliwa na Baraza la Malords mwaka 1918, karani wa kampuni alimpelekea bosi wake hundi ya pauni 2 wakati bosi anatoka kwenda kula chakula cha mchana. Tarakimu 2 ilikuwa imeandikwa ikiwa na nafasi kushoto na kulia, na sehemu ya maneno ilikuwa tupu. Bosi akatia saini, akaenda zake. Karani akaongeza 1 mbele na 0 nyuma, akajaza maneno, na hundi ya pauni 2 ikawa ya pauni 120. Saini ilikuwa ya kweli kabisa, hivyo ukaguzi wowote wa saini usingesaidia kitu. Hasara ikabaki kwa kampuni, kwa sababu ndiyo iliyomwachia mwizi nafasi ya kuandika.

La pili ni kutoa taarifa mara tu unapojua kuna mtu anaghushi. Katika kesi ya Greenwood na Martins Bank, ya miaka ya 1930, mume aligundua kwamba mkewe alikuwa akiiga saini yake na kutoa fedha, akanyamaza kwa miezi kadhaa. Alipokuja kuidai benki, mahakama ilimkatalia. Kunyamaza kwake kuliinyima benki nafasi ya kudai fedha hizo kwa aliyezichukua.

Zaidi ya hayo mawili, je, mteja analazimika kusoma taarifa za akaunti na kulalamika kwa wakati? Swali hilo lilifika kwenye Baraza la Faragha mjini London mwaka 1985 kutoka Hong Kong. Karani wa hesabu wa kiwanda cha nguo cha Tai Hing alikuwa ameghushi saini ya mkurugenzi kwenye hundi zipatazo 300, zenye thamani ya takriban dola milioni 5.5 za Hong Kong, kwa miaka kadhaa hadi 1978. Taarifa za benki zilifika kila mwezi na hakuna aliyezikagua ipasavyo. Hata hivyo kampuni ilishinda. Baraza lilisema wajibu wa mteja unaishia kwenye yale mafungu mawili, na kwamba benki ikitaka mteja akague taarifa zake basi imwandikie hivyo katika mkataba, kwa lugha isiyo na utata. Benki zilisikia. Ndiyo maana ukisoma masharti ya akaunti yako leo, huenda ukakuta kipengele kinachosema taarifa isiyopingwa ndani ya siku fulani itahesabiwa kuwa sahihi. Kitafute na uzijue hizo siku ni ngapi.

Ukaguzi wenyewe nao umebadilika. Zamani karani wa tawi alitoa kadi kwenye kabati, akaiweka kando ya hundi, akatazama mwelekeo wa herufi na mahali kalamu ilipokandamiza. Kenya iliacha kusafirisha karatasi za hundi mwaka 2011. Sasa hundi hubaki benki ilikowekwa, na picha yake ndiyo inayotumwa benki ya aliyeiandika, ikalinganishwa na sampuli kwenye skrini. Tangu Oktoba 2009, hundi inayozidi shilingi milioni moja za Kenya haipiti tena katika mfumo wa kawaida wa ubadilishanaji wa hundi. Kiasi hicho hutumwa kwa njia ya kielektroniki. Uingereza ilianza kutumia picha za hundi mwaka 2017. Picha huonyesha umbo la saini, haionyeshi mkandamizo wa kalamu wala wino juu ya wino. Hundi nyingi za kiasi kidogo hupita bila jicho la mtu kuzitazama kwa makini, na benki hukubali hatari hiyo kwa sababu kumlipa mteja mmoja mmoja aliyeibiwa ni nafuu kuliko kuajiri watu wa kukagua zote.

Ukaguzi huo una upande wake mchungu. Mzee ambaye mkono umeanza kutetemeka hurudishiwa hundi ikiwa imeandikwa kwamba saini inatofautiana, na fedha ni zake. Dawa ni kwenda tawini na kitambulisho akaweke sampuli mpya mapema, au akubaliane na benki atumie alama ya dole gumba. Kungoja hadi siku ya dharura, mgonjwa yuko hospitalini na keshia anatikisa kichwa, ni kujitafutia shida.

Sasa tuje kwenye njia ya pili.

Hundi ni fedha inayosukumwa na mwenye nayo. Agizo la kudumu ni hivyo hivyo: umeiambia benki imlipe mwenye nyumba kiasi kilekile kila tarehe mosi, na kiasi hakibadiliki mpaka wewe useme. Makato ya moja kwa moja yanakwenda kinyume. Anayeanzisha ni mdai. Yeye ndiye anayetuma ombi, anayetaja kiasi na anayechagua tarehe, na benki yako hulipa kwa kuamini kwamba ulishamruhusu. Uingereza huitwa direct debit, Ujerumani Lastschrift, na Mkongo wa Brussels atakuambia domiciliation.

Uingereza ilianza utaratibu huu mwaka 1964. Anayetajwa kuwa mbunifu wake ni Dennis Gladwell wa kampuni ya Unilever, iliyokuwa ikihangaika kukusanya fedha kutoka kwa wauzaji wa aiskrimu waliotawanyika nchi nzima. Mwanzoni kila idhini ilikuwa karatasi. Mteja alijaza, akatia saini, kampuni ikaipeleka tawi la mteja, na tawi likailinganisha na sampuli kabla ya kuiingiza kwenye vitabu. Hapo saini ilikuwa na kazi ileile ya kwenye hundi.

Kadiri malipo yalivyoongezeka, makaratasi hayo yakawa mzigo. Ukaja utaratibu ambao kampuni hutuma idhini kwa kompyuta na kubaki na karatasi yenyewe. Kisha ukaja ule usio na karatasi kabisa: unataja namba ya tawi na namba ya akaunti kwa simu au kwenye tovuti, unathibitisha kwamba akaunti ni yako na kwamba wewe peke yako unatosha kuidhinisha, basi. Maombi huingia katika mfumo wa Bacs, ambao umekuwepo tangu 1968 na huchukua siku tatu za kazi: siku ya kwanza kampuni inatuma orodha, ya pili inachakatwa, ya tatu fedha zinatoka kwako na kuingia kwake. Katika siku hizo tatu hakuna mtu wa tawi aliyeshika karatasi yenye jina lako.

Mfano wa dukani utasaidia hapa. Katika mkopo wa daftari, mwenye duka ndiye anayeliweka daftari na ndiye anayeandika. Makato ya moja kwa moja yamejengwa hivyo hivyo: ushahidi kwamba ulikubali umehifadhiwa na anayekudai, na benki yako haiuiti ushahidi huo mpaka ugomvi utokee.

Mwaka 2008 Uingereza iliona jinsi mlango huu ulivyo wazi. Miezi michache kabla, serikali ilikuwa imetangaza kwamba idara ya kodi imepoteza diski mbili zenye taarifa za watu milioni 25 waliohusika na posho ya watoto, zikiwemo namba za akaunti. Mtangazaji Jeremy Clarkson aliona watu wanapiga kelele bure. Akachapisha gazetini namba yake ya akaunti na ya tawi, akidai kwamba mtu akiwa nazo anachoweza kufanya ni kumwekea fedha tu. Punde akakuta akaunti yake imekatwa pauni 500 zilizokwenda kwa Diabetes UK, shirika la hisani la wagonjwa wa kisukari. Mtu fulani alikuwa amejaza fomu ya mchango kwa kutumia namba zile. Clarkson alirudi gazetini kukiri kwamba alikosea.

Ajabu ya kisa hicho ni kwamba hakuna kilichovunjwa. Mfumo ulifanya kazi kama ulivyobuniwa. Namba ya akaunti, ambayo tunawapa waajiri, wapangaji na ndugu wa harusi bila kufikiri, inatosha kuanzisha makato pale ambapo hakuna anayekagua saini.

Kwa nini basi benki zilikubali? Kwa sababu zilihamisha ukaguzi kutoka kwa kila idhini kwenda kwa kila kampuni. Kampuni haiwezi kuanza kukusanya kwa Bacs mpaka benki yake iidhamini, na mpaka itie saini ahadi ya kulipa fidia kila makato yakipatikana kuwa na kosa. Juu ya ahadi hiyo ndipo imesimama dhamana ambayo kila mteja Uingereza anayo. Kampuni itakupa taarifa kabla ya kubadilisha kiasi au tarehe, kwa kawaida siku 10 za kazi. Kukitokea kosa, la kampuni au la benki, benki yako itakurudishia fedha zote mara moja, kisha yenyewe itahangaika na kampuni. Na unaweza kufuta idhini wakati wowote kwa kuiambia benki yako tu, bila kuomba ruhusa ya mdai.

Hapo ndipo wengi hupoteza haki yao. Mtu huona makato yasiyo yake, hupigia kampuni, huwekwa kwenye foleni ya simu, huambiwa aandike barua pepe, hukata tamaa. Dai lako ni kwa benki yako, na neno la kusema ni dhamana ya makato. Mfanyakazi wa benki akikuambia ukamalizane kwanza na kampuni, anakuelekeza vibaya.

Tapeli naye anaujua mwanya mmoja. Akifungua mkataba wa simu kwa kutumia akaunti yako, ile taarifa ya siku 10 huenda kwenye anwani aliyoiandika yeye. Wewe utaona makato yakishatoka tu. Kwa hiyo kinga yote ya Uingereza inaanzia kwenye jicho lako juu ya taarifa ya akaunti.

Nchi zinazotumia euro zimekwenda hatua moja mbele, na Waswahili wanaoishi Ujerumani, Ubelgiji au Uholanzi wanapaswa kuijua. Katika mpango wa kawaida wa makato ya eneo la euro, ulioanza Novemba 2009, mteja anaweza kurudishiwa fedha ndani ya wiki nane bila kueleza sababu yoyote. Kama hakuwahi kuidhinisha, ana miezi 13. Lakini upo mpango wa pili, wa biashara kwa biashara. Katika huo benki ya mlipaji hulazimika kuthibitisha idhini kabla ya kulipa, na ikishalipa, haki ya kurudishiwa haipo. Mipango hiyo miwili ukiiweka kando kwa kando unaona mantiki yote ya jambo hili. Penye ukaguzi wa mwanzo, marejesho hakuna. Penye marejesho, ukaguzi wa mwanzo hakuna. Mwenye duka au kampuni ndogo anayepewa fomu na msambazaji wake aulize ni ya mpango upi kabla hajatia saini, kwa sababu kwenye huo wa biashara saini yake ndiyo neno la mwisho.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 260 ya mwaka 2012 ikaongeza kilichokuwa kimekosekana, yaani haki ya kufunga. Mteja wa kawaida anaweza kuiagiza benki yake ifanye mojawapo ya haya: kuweka kikomo cha kiasi au cha mara ngapi akatwe, kuzuia makato yote, kuzuia wadai aliowataja, au kuruhusu wale tu aliowataja na kukataa wengine wote. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Unaandika mwenye nyumba, umeme na bima ya afya, na mwingine yeyote akija na namba yako atarudishwa.

Ujerumani ina tundu jingine linalofaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu linahusu saini hasa. Katika maduka mengi, ukilipa kwa kadi ya benki, mashine inaweza kukuomba namba ya siri au ikatoa risiti uitie saini. Ile ya saini si malipo ya kadi. Ni idhini ya makato ya moja kwa moja, na mkaguzi wa saini ni keshia wa dukani, mwenye foleni ya watu mbele yake, anayetazama nyuma ya kadi kwa nukta moja. Kadi ikiibwa, kupiga namba 116 116 huzuia matumizi ya namba ya siri, lakini mwizi bado anaweza kujaribu kuiga saini. Ili kuuziba mwanya huo inabidi uende polisi, ambao huiingiza kadi katika mfumo uitwao KUNO unaoyajulisha maduka. Wageni wengi hufanya hatua ya kwanza na kudhani wamemaliza.

Ukiamua kufunga akaunti isikatwe, jua unachokifunga na usichokifunga. Kizuizi cha makato hakizuii agizo la kudumu, kwani hilo ni amri yako mwenyewe, lifute kivyake. Hakizuii ada za benki wala deni ambalo benki yenyewe inakudai. Hakizuii malipo ya kadi yanayojirudia, kama ya filamu za mtandaoni au programu za simu, yanayovutwa kwa namba ya kadi badala ya namba ya akaunti. Kwa hayo unapaswa kuiambia benki isitishe idhini ya kadi. Uingereza ni haki yako kisheria, na benki haiwezi kukulazimisha upitie kwanza kwa muuzaji.

Zaidi ya yote, kizuizi hakifuti deni. Mdai atapokea ombi lake likiwa limerudi na msimbo. Uingereza, 1 maana yake idhini imefutwa, 6 maana yake hakuna idhini, na 0 maana yake rejea kwa mlipaji, ambayo kwa kawaida ni fedha hazikutosha. Kama mkataba ni wa kweli, mdai atakuongezea ada, atakatiza huduma, au atapeleka jina lako kwa kampuni zinazoweka kumbukumbu za mikopo. Anayefuta makato ya jimu ili kukwepa miezi iliyobaki ya mkataba ataikuta miezi hiyo kwa wakusanya madeni. Andikia kampuni kwanza, taja tarehe, weka nakala, halafu funga.

Benki zinazotaka ombi la kufunga lifanywe tawini kwa karatasi zina kichekesho chake. Mfanyakazi atakuomba kitambulisho, atafungua sampuli yako na kuilinganisha na saini ya kwenye fomu kwa makini yote. Saini iliyokosekana wakati wa kufungua mlango inadaiwa wakati wa kuufunga. Usikasirike, ukaguzi huo nao unakulinda, asije mtu akazuia bima yako kwa jina lako. Omba nakala iliyogongwa muhuri na tarehe.

Walio katika hatari kubwa zaidi ni vikundi. Jumuiya za Watanzania na Wakenya ughaibuni, kamati za misiba, misikiti, makanisa na vyama vya kuweka na kukopa huwa na akaunti ya saini mbili au tatu, wakiamini kwamba mweka hazina peke yake hawezi kufanya kitu. Kwa hundi ni kweli. Kwa utaratibu usio na karatasi, kanuni ya Uingereza inakataza kuutumia kwenye akaunti inayohitaji zaidi ya mtu mmoja, lakini mkaguzi wa kanuni hiyo ni swali moja kwenye tovuti, linalojibiwa kwa kubonyeza. Mtu mmoja akibonyeza ndiyo, makato yanaweza kupita miezi mingi kabla ya mkutano wa mwaka. Kikundi kisicho na sababu ya kukatwa na mtu yeyote kiiombe benki ifunge makato yote, au kiweke akiba yake katika akaunti ambayo kwa asili haipokei makato, kisha taarifa ya kila mwezi isomwe na mtu asiye mtia saini.

Afrika Mashariki makato ya aina hii yana sura nyingine, na kinga ya akaunti pekee haitoshi. Mikopo mingi ya wafanyakazi hukatwa kwa mwajiri kabla mshahara haujagusa benki. Fomu uliyotia saini ofisi ya chama cha akiba na mikopo hupelekwa kwa ofisa wa mishahara, na hata ukifunga akaunti yako kwa kufuli, makato yameshapita. Kenya imeweka kikomo mahali hapo hapo: kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinakataza makato yote kwa jumla kuzidi theluthi mbili za mshahara. Ni wazo lilelile la Ulaya la kuweka kikomo cha kiasi, ila limewekwa kwenye malipo ya mwajiri.

Kwenye simu ndiko saini ilikotoweka kabisa. Fuliza, iliyoanzishwa na Safaricom mwaka 2019, hukopesha unapopungukiwa, na fedha yoyote ikiingia M-Pesa hukatwa deni kwanza kabla hujaitumia. Idhini uliitoa siku uliyojiunga na kukubali masharti. Mama anayengoja fedha za matibabu kutoka kwa mwanawe akakuta pungufu hajaibiwa, ila hakujua kwamba alishatoa ruhusa ya kudumu. Kwa huduma za namna hii, kufunga ni kulipa deni na kujiondoa, na kabla ya hapo ni kupokea fedha za dharura kwa namba isiyo na deni.

Hukumu yangu juu ya mfumo huu si kwamba ni mbovu. Makato ya moja kwa moja yamewaokoa watu wengi na faini za kuchelewa kulipa na foleni za kila mwezi, na penye dhamana kama ya Uingereza au ya nchi za euro, mteja yuko salama kuliko aliyelipa taslimu akapoteza risiti. Ubovu ni kuwaacha watu waamini kwamba saini yao inalindwa mahali ambapo haitazamwi. Benki zetu za Afrika Mashariki, zinapozidi kuruhusu wadai kuvuta fedha, ziige mambo mawili kwa pamoja: marejesho ya haraka yenye siku zinazojulikana, na haki ya mteja kufunga makato yote au kuruhusu wachache kwa majina. Moja bila jingine ni nusu ya kinga.

Nawe msomaji, usisubiri kanuni. Wiki hii iombe benki yako orodha ya idhini zote za makato na maagizo ya kudumu yaliyo hai kwenye akaunti yako. Uliza kama inaweza kuzuia makato yote, na kama inaweza kuruhusu majina machache tu. Uliza una siku ngapi za kupinga makato usiyoyatambua, na uombe jibu kwa maandishi. Kisha tenga akaunti mbili: moja ya kukatwa, yenye fedha za bili tu, na nyingine ya akiba, ambayo namba yake humpi mtu na ambayo umeifunga isikatwe na yeyote.